Kumtisha Domina

Guangzhou, China
7 Novemba 2004

Dada yangu mpendwa Edina, nanyi nyote mlioketi kumsikiliza,

Kwanza kabisa nawasalimu kwa heshima, mkubwa kwa mdogo. Baba na Mama, shikamooni. Baba Mdogo Heriel, ambaye naamini umeketi jirani na redio na umekwisha kuombwa uizime, shikamoo. Rodgers mdogo wangu, natumaini hujambo na kwamba hesabu za kidato cha tatu hazijakushinda. Mama, goti linaendeleaje tangu baridi ya Machame ipungue? Vuli imeshafika, au bado mnaangalia mawingu yakipita kwenda kunyesha kwa wengine? Kuhusu mimi, msiwe na wasiwasi wowote. Nina afya, masomo ya uhandisi wa maji yanakwenda vizuri, na profesa wangu ameacha kuniuliza kama Tanzania iko ndani ya Afrika Kusini.

Najua desturi ya nyumba yetu. Barua ikifika haisomwi na mtu mmoja chumbani. Edina huisoma kwa sauti sebuleni, na msikilizaji yeyote huruhusiwa kuikatiza. Ndiyo maana nimekaa kuandika kama mtu aliyesimama mbele ya mkutano. Naomba usikivu wenu, na kwa Baba naomba subira ya ziada, mpaka ukurasa wa mwisho, kwa kuwa nina habari kubwa ambayo haiwezi kueleweka bila kupitia kwanza habari nyingine inayoonekana ya kitoto.

Habari hiyo ya kitoto ni Halowini. Ni siku ya mwisho ya Oktoba, ambayo watu wa Ulaya na Marekani huitumia kutishana kwa makusudi, wakivaa vinyago na kusimuliana mambo ya wafu. Nilipokuwa nyumbani sikuijua. Hapa haikwepeki, maana vinyago vya dunia nzima hutoka viwanda vya mkoa huu. Ila ina kichekesho chake. Mwezi wa Agosti maduka ya barabara ya Yide Lu hujaa mafuvu ya plastiki na popo wa mpira. Ikifika Oktoba yenyewe mzigo umekwisha kusafiri zamani, na ukiulizia fuvu moja tu, mwenye duka anakujibu meiyou, yaani hakuna, huku akikuonyesha miti ya Krismasi. Kwa hiyo sisi tuliotaka kutishana katika wakati wake ilibidi tujitengenezee hofu kwa mikono yetu.

Baba, kabla hujauliza: hatukuabudu kitu, hatukuita kitu, hatukuchinja kitu. Tulicheza mchezo wa mezani. Mtu mmoja huwa msimulizi, na wengine huchukua nafasi za watu waliomo ndani ya kisa. Msimulizi anasema: mko mbele ya nyumba, mvua inanyesha, taa ya ndani imezimika ghafla, mnafanya nini? Kila mmoja anajibu kwa niaba ya mhusika wake, na penye mashaka hurushwa dadu. Hakuna ubao wala karata, na hakuna anayemshinda mwenzake. Kwa kawaida kisa kimoja huweza kuchezwa kwa miezi. Cha Halowini ni cha kikao kimoja: huanza na kuisha hapohapo, na sharti lake ni kwamba watu watoke wakiwa wameingiwa na baridi.

Tuko watano katika mchezo huu. Aliyetufundisha ni Wangari, Mkenya anayesomea usanifu wa majengo, mwenye mfuko wa dadu za kila umbo, nyingine zenye pande ishirini. Wa pili ni Gharib, Mzanzibari aliye mwaka wa nne wa udaktari. Wa tatu ni dada yake, Bi Swalha, mfanyabiashara mwenye ghala katika jengo la Tianxiu Dasha, ambako ofisi za Waafrika zimepandana kama masanduku. Kila Jumapili hutuachia ghala lile, nasi huketi katikati ya marobota ya nguo alizonunua soko la Shahe, yakisubiri kontena. Wa nne ni mimi. Wa tano ni Domina, binti wa Bukoba, aliyemaliza shahada ya ufamasia mwezi wa Julai na kubaki kwa mafunzo ya vitendo. Mafunzo hayo yanamalizika mwezi huu, naye anarudi nyumbani kabisa. Halowini ilikuwa kikao chake cha mwisho.

Mwaka jana msimulizi alikuwa Wangari. Mwaka huu alitangaza kwamba zamu ni yangu, kuchagua kisa na kukisimulia, kwa sababu, kwa maneno yake, mtu anayehutubia kila sherehe ya wanafunzi wa Afrika Mashariki hawezi kushindwa kuhutubia wafu. Wote walikubali isipokuwa Domina. Domina aliniangalia kwa huruma na kusema kwamba mimi ninazungumza vizuri mno. Alisema hata nikitamka neno damu linasikika kama taarifa ya wizara, na kwamba katika miaka miwili ya kunisikiliza amekubaliana na kila nilichosema na hakuna hata siku moja moyo wake umepiga kasi. Gharib alicheka mpaka akashika robota. Nami nilicheka, lakini nawaambia ndugu zangu, kicheko kile hakikushuka kooni. Nilijiwekea nadhiri palepale kwamba kabla Domina hajapanda ndege, nitamtisha.

Wangari alinikabidhi visa alivyovichapisha kutoka kwenye mtandao, vyote vya Kiingereza, vyote vikisifiwa kwamba vimewahi kulaza watu taa ikiwaka. Kabla ya siku yenyewe tulikubaliana kuvionja kimoja kimoja. Cha kwanza kilihusu jumba la tajiri aliyefariki katika nchi ya theluji, na warithi wanaopaswa kulala humo usiku mmoja ili wapate mali. Sijamaliza kueleza ngazi za jumba, Bi Swalha akataka kujua marehemu ameoshwa na nani na kama arobaini imeshasomwa. Nilipomwambia kitabu hakisemi, akasema basi yeye halali nyumba ya mtu asiyesomewa. Funguo arudishiwe wakili, jumba liuzwe, kila mtu apewe chake. Wengine wakamuunga mkono. Nikasema lakini kuna sauti inayolia chini ya sakafu. Akaniambia, "Mheshimiwa mwenyekiti, hiyo si kazi ya mgeni kwenda kutazama. Mwenye nyumba yupo." Kisa kikaishia hapo, na dadu haikurushwa hata mara moja.

Cha pili kilikuwa hospitali iliyotelekezwa, yenye maiti zinazoinuka. Huko aliyeniangusha ni Gharib. Kila nilipoeleza maiti, yeye alirekebisha rangi yake, akauliza imehifadhiwa kwa dawa gani, na mwishowe akasema kwa hali niliyoieleza misuli ile haiwezi kuinua hata kijiko. Domina, mfamasia wetu, alikuwa anapiga miayo.

Kisha ukaingia mwezi mtukufu, maana mwaka huu Halowini imeangukia ndani ya Ramadhani. Nikaleta kisa cha tatu, cha mizimu, nikiwa na matumaini makubwa, kwa kuwa nilifahamu kwamba watu wa pwani hawafanyii mzaha mambo ya majini. Bi Swalha alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho wa utangulizi, kisha akanieleza kwa upole kwamba mwezi huu mashetani wote wamefungwa minyororo. Gharib akaongeza kwamba labda nirudi baada ya Idi. Nikabaki na karatasi zangu mkononi. Bi Swalha akanionea huruma na kunipa agizo ambalo sitalisahau: "Nenda katafute kitu kisichofungwa." Domina naye aliniuliza, akiwa anafunga mkoba wake, kama sasa nitawasomea ripoti ya mwaka.

Nilibakiwa na kisa kimoja tu mkononi, nacho nilikiona dhaifu kuliko vyote. Kilihusu kiumbe anayezunguka milangoni usiku, asiyeweza kuingia ndani mpaka mwenyeji amkaribishe. Nilikuwa naona haya hata kukifungua, lakini Jumapili iliyofuata nilikisoma hivyohivyo, nikitafsiri papo kwa papo. Nikawaambia wachezaji kanuni hiyo waziwazi: asikaribishwe. Wote wakaitikia kwa vichwa. Nikaeleza nyayo kwenye baraza. Nikagonga meza kwa kidole, nikasema, "Hodi."

Wote wanne kwa pamoja wakajibu, "Karibu."

Ndugu zangu, nawaacha mtafakari. Watu wanne wasomi, walioonywa dakika moja kabla, wamelikaribisha balaa kwa mdomo mmoja, kwa sababu tangu utotoni hakuna aliyewahi kutufundisha namna nyingine ya kujibu. Mzungu aliyekitunga kisa kile alikuwa na hakika kwamba wachezaji wake wangenyamaza na kuchungulia dirishani. Hakutujua sisi. Wahusika wote walikufa kabla hawajapewa majina. Wangari aliangua kicheko, akasema, "Manze, tumeuawa na adabu!" Lakini mimi nilikuwa namtazama Domina, na Domina hakucheka. Aliweka mkono kifuani na kusema polepole kwamba ameitika kabla hajafikiri, na kwamba hilo halikumpendeza hata kidogo.

Hapo nikajua nimepata kitu kisichofungwa. Karatasi zote nilizirudisha kwa Wangari. Nikaamua kutunga mwenyewe.

Wiki ile sidhani kama nilisikia neno lolote la mhadhara. Nilikwenda Kangle, kijiji kilichomezwa na mji, ambako majengo yamekaribiana kiasi kwamba ukiamka unaweza kumpa jirani mkono dirishani, na cherehani hulia kila ghorofa. Nilipanda ngazi, nikashuka, nikasikiliza mwangwi, nikapima kwa masikio mahali mtu anaposimama ukasikia pumzi yake lakini usimwone. Mwenye nyumba mmoja alinifuata akidhani natafuta chumba cha kupanga. Nikamwambia ndiyo, kwa maana sikuwa na Kichina cha kumweleza nilichokuwa natafuta.

Kisa changu kilikuwa hiki. Wenzetu wanne wamepanga orofa ya juu kabisa Kangle, wakati wa sikukuu ambapo mafundi wote wameondoka na jengo limebaki tupu. Siku hiyo ndege imetua ikiwa na mgeni kutoka nyumbani, ambaye amekusudia kumshtukiza mmoja wao. Hawakuambiwa ni nani wala anakuja kwa nani. Lakini kwenye ngazi zilezile kuna mwingine. Mwingine huyo hana sauti yake mwenyewe. Huazima ya mtu unayempenda. Akifika mlangoni hubisha hodi na kusema sentensi moja tu. Ukimkaribisha, umepotea. Usipomkaribisha na kumbe ni mgeni wa kweli, umemwacha mtu wako kwenye ngazi pamoja na yule. Mchezaji anaweza kurusha dadu ili achungulie, na akipata namba kubwa huona aliyesimama. Anayefungua bila kuchungulia hana wa kumlaumu.

Siku ya Halowini tulikutana baada ya swala ya adhuhuri, sisi Wakristo tukitoka kanisani, Bi Swalha na Gharib wakiwa na saumu zao. Tuliziba dirisha kwa robota la majaketi, tukawasha tochi moja. Kabla ya kuanza nilimchukua kila mchezaji peke yake nyuma ya mzigo, nikamwomba aninong'oneze jambo moja: ni sauti ya nani ambayo ukiisikia nje ya mlango utafungua bila kuuliza? Wamenipa ruhusa niwaandikie majibu yao. Gharib alisema mama yake. Wangari alisema cucu wake, bibi aliyemlea Nyeri. Bi Swalha alisita, akaniambia ni mwanawe Hafidha, aliyemwacha Unguja kwa bibi yake, na akaniambia pia kwamba nikiitumia vibaya sauti hiyo atanifungia ndani ya kontena. Domina alikuwa wa mwisho. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasogea akanong'ona. Alichoninong'oneza nitakitaja mahali pake; kwa sasa itoshe kusema kwamba nilirudi mezani nikiwa sioni vizuri pa kukalia.

Nikaanza. Sikutumia sauti ya jukwaani. Nilisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala, na nikaona wanasogeza viti. Bi Swalha alijifunga mtandio mdomoni ili asije akaitika kwa mazoea. Hodi ya kwanza ilikuwa ya Gharib. Niligonga, nikasema kwa lafudhi ya Kiunguja kwamba mwanangu, mbona mlango mmeubana mchana kweupe? Daktari wetu, bingwa wa rangi za maiti, aliinuka kitini, akaketi, akainuka tena, akamwuliza dada yake kama anasikia. Akarusha dadu, akapata namba ndogo, hakuona kitu. Hakumkaribisha, na nilipoeleza nyayo zikishuka ngazi polepole zikiburuta begi, alifunika uso.

Wangari hakuchungulia. Cucu wake alimwambia amemletea ndizi na mgongo unamuuma, naye akafungua. Nilipomaliza kueleza aliyekuwa amesimama pale, alitangaza kwamba hajawahi kufa vizuri namna hiyo tangu aanze kucheza, na akahamia upande wangu ili atazame wengine wakiteseka.

Ikafika zamu ya Bi Swalha. Nilitumia sauti ya mtoto, nikasema tu, "Mama, nimevaa viatu mwenyewe." Alishusha mtandio. Hakurusha dadu. Alisema, akiitazama tochi, kwamba mwanawe huvaa viatu kinyume, kisha hulalamika kwamba vimebana, na aliyeko nje hakulalamika. Kwa hiyo si yeye. Alikuwa sahihi, nami nilimwambia amesalimika. Akaomba tusimame kidogo aswali alasiri. Aliporudi macho yalikuwa mekundu lakini alikuwa anatabasamu, na akanisisitiza niendelee.

Nilikuwa sijafungua mdomo wakati mlango wa ghala ulipogongwa kweli.

Ukagongwa tena, na sauti ya kiume ikaita laoban, laoban, yaani bosi, bosi. Alikuwa mchukuzi kutoka Shahe aliyeleta fulana ambazo Bi Swalha mwenyewe alikuwa amezipigia simu asubuhi. Bi Swalha, mwanamke ambaye nimemwona akisimamisha lori barabarani kwa mkono mmoja, alirudi nyuma mpaka akagota kwenye marobota, akajibu kwa sauti kali, "Meiyou!" Neno analojibiwa yeye kutwa nzima madukani, leo aliwarudishia wenyewe. Yule mtu akasema nina mzigo wako. Akajibiwa hakuna. Akasema lakini ninakusikia. Akajibiwa hakuna mtu. Mwishowe alipiga simu, na simu ya Bi Swalha ilipolia mezani Gharib aliirushia koti kama anayezima moto. Fulana zilibaki kwenye korido mpaka jioni. Wangari alisema kwamba hata kama sitafanya lolote lingine maishani, nimeshafaulu.

Lakini mimi nilikuwa sijafaulu, na nilijua. Domina alikuwa ameketi ameegemeza kidevu mkononi, ametulia, ndiye peke yake ambaye hodi yake ilikuwa haijafika. Wengine wote nilikuwa nimewapata. Saa ya futari ilikuwa inakaribia na sikuwa na muda zaidi ya hodi moja.

Hapa ndipo pa kutaja alichoninong'oneza nyuma ya mzigo. Nilipomwuliza sauti ya nani, aliniambia, "Yako."

Kwanza nilidhani ananikejeli. Nikamtazama, hakuwa ananikejeli.

Basi niligonga meza, nikasema hodi kwa sauti yangu mwenyewe, hii mnayoifahamu. Gharib aliniambia nimesahau kubadilisha sauti. Wangari akaniambia vivyo hivyo. Nilikuwa nimeandaa sentensi ya kutisha sana, nimeifanyia mazoezi wiki nzima, na ilipofika wakati wake haikuja. Badala yake nilijisikia nikisema kwamba ni mimi, na sina maneno mazuri leo, na naomba usiondoke bila kunisikia. Nilikwamakwama mara mbili katika sentensi hiyo fupi. Kama mngekuwepo msingenitambua.

Domina alichukua dadu. Aliizungusha kiganjani, kisha akaiweka mezani bila kuirusha na kuifunika kwa mkono. Wote wakamkataza. Bi Swalha alimwambia, "Mwanangu, chungulia kwanza." Gharib alimkumbusha kanuni. Domina akanitazama mimi, si tochi wala meza, akasema, "Karibu."

Kwa kanuni niliyoitunga mwenyewe alikuwa amepotea. Nilitaka kuipindisha, Wangari akaniambia msimulizi anayevunja kanuni yake si msimulizi. Nikatangaza kwamba Domina amepotea. Akasema sawa, ila yeye si wa kuhurumiwa.

Magharibi ikaingia. Bi Swalha akagawa tende, na kwa kuwa mkate ulikuwa haujanunuliwa, alitutuma mimi na Domina tushuke kwenye tanuri la Waislamu wa mkoa wa Xinjiang lililoko kwenye uchochoro wa Xiaobei. Tulizivuka fulana kwenye korido. Tulikuwa kwenye foleni, moshi wa nyama umetuzunguka, watu wanagombea bei kwa Kilingala na Kichina, aliponiuliza ile sentensi ilikuwa ya nani: ya yule wa kwenye ngazi, au yangu. Nilimwambia ilikuwa yangu. Nikamwuliza kama angalau alitishika. Alisema ndiyo, mikono ilikuwa ya baridi na moyo ulikuwa unampiga hadi masikioni, kwa sababu aliogopa kwamba nitamaliza mchezo na kumbe ulikuwa mchezo tu.

Sikuwa na hotuba. Nilimshika mkono, na muuza mikate akatupigia kelele tusogee.

Baba, Mama, hii ndiyo habari kubwa niliyoahidi. Mimi na Domina tumekubaliana kuoana. Nilifikiri kuiandika kwenye karatasi ya pembeni, Edina aisome peke yake na kuwadokeza taratibu, lakini nimeona ni heshima zaidi isemwe kwa sauti, mbele yenu wote. Najua swali litakalotangulia. Yeye ni Mkatoliki na sisi ni Walutheri, na Baba ni mzee wa kanisa. Jambo hilo tumelizungumza jioni kadhaa. Hatujalimaliza, na hatutaki kulimaliza bila ninyi. Tunachoomba ni kwamba mlango wa mazungumzo uwe wazi. Wazazi wake wako Bukoba na wanasubiri kuona kama kuna watu watakaokwenda kujitambulisha. Namwomba Baba Mdogo Heriel, kwa jinsi ulimi wake ulivyo, akubali kuongoza safari hiyo, na aniambie mapema kinachohitajika kutoka upande wangu. Mimi nitamaliza mwezi wa saba mwakani.

Lipo moja lililobaki, nalo huenda mmelihisi tangu nilipotaja jina lake mara ya kwanza. Barua hii sikuipeleka posta. Dada huyu aliyeteremka kwenye basi la Machame na kuwakabidhi bahasha, mkamkaribisha chai, ndiye Domina. Nilimsihi aende kwao kwanza. Alikataa, akasema hataki kuhukumiwa kwa picha, na kwamba kama barua za nyumba yetu husomwa hadharani, basi atakuwepo hadharani. Wiki hii nimemkuta akijizoeza salamu ya Kimachame mbele ya kioo cha bwenini, akikosea, akianza upya. Mtu ambaye mashetani, maiti na mimi tulishindwa kumtisha kwa mwezi mzima anaiogopa sebule yetu kuliko kitu chochote duniani.

Nisalimieni Bibi, mwambieni dawa ya macho aliyoagiza imo kwenye mzigo wa mgeni. Nisalimieni majirani wote na kwaya ya vijana. Rodgers, shati lako pia limo humo, limetoka Shahe na halijaoshwa bado. Bi Swalha, Gharib na Wangari wanawasalimu sana, na wanataka kujua yatakayotokea.

Mama, tafadhali mwambie akae vizuri kwenye kiti. Kwa ninavyomfahamu, ameketi ukingoni tangu Edina afungue bahasha.

Ni mimi mwanenu na ndugu yenu anayewapenda,

Elinami